Zoezi la Mama Bomu

Pale kituoni walimwita Mpole, na hilo ndilo lilikuwa kosa lao la kwanza. Msichana akiongea kwa sauti ya chini na kufungua milango kwa bega ili asimwage chai ya wakubwa, watu huamua upesi kwamba hana makuu. Ni kweli, makuu hakuwa nayo. Alikuwa na kisasi, ambacho ni kitu kingine kabisa, ingawa siku aliyoripoti kazini mwenyewe alikuwa hajui atamlipizia nani.

Kituo kilikuwa cha masomo ya usalama wa kanda. Lilikuwa jengo la ghorofa mbili lenye rangi ya maziwa yaliyolala, bendera za nchi wanachama zikining'inia mbele, na mlinzi wa getini aliyekagua mkoba wako hata kama amekuona ukitoka kununua vocha muda huo huo. Polisi, watu wa forodha na wa uhamiaji kutoka nchi hizo walikuja pale kufundishwa namna ya kukabili majanga kabla hayajatokea. Mpole alikuwa mwaka wa mwisho wa chuo kikuu, na bila cheti cha mafunzo kwa vitendo asingehitimu. Kwa hiyo alipanga viti, akaandika vitambulisho vya wageni, akatafuta waya wa projekta ambao kila siku ulipotea na kila siku ulikutwa chini ya zulia lile lile. Alipomaliza hayo ndipo aliporuhusiwa kusoma magazeti na kufupisha habari za mipakani.

Mwenzake katika mateso hayo alikuwa kijana waliyemwita Ndevu, kwa sababu ya nywele chache alizozifuga kidevuni na kuzishikashika kila mara kuhakikisha bado zipo. Mkubwa wao alikuwa Meja. Jeshi alishaliacha zamani, ila umeja alikuwa hajauvua. Hata chooni alikwenda kwa hatua za gwaride. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa mafunzo, na kazi iliyompa jina ilikuwa zoezi la mezani. Maofisa hukaa ukumbini, waongozaji hukaa kwenye meza yao nyuma ya kioo, kisha waongozaji huwarushia maofisa matukio ya kubuni kwa simu, moto hapa, mafuriko pale, na maofisa waamue wafanye nini.

Zoezi hilo lilikuwa na amri moja kubwa. Kila ujumbe unaotoka meza ya waongozaji lazima uanze kwa neno "zoezi" mara tatu na uishe kwa neno hilo mara tatu, ili hata ukiangukia mikononi mwa mtu baki, ajue ni mchezo. Amri hiyo Meja hakuifundisha ubaoni. Aliifundisha kwa kichekesho.

Alikitoa wakati wa chai ya asubuhi, katika wiki yao ya kwanza, mlango umefungwa, kama alivyowatolea wanafunzi wote waliotangulia. Mwaka mmoja, alisema, mwanafunzi mzembe alisahau lile neno. Ujumbe ukatoka mkavu: bomu limetegwa kwenye maegesho ya malori mpakani, geti linafungwa, watu waondoke mara moja. Ofisa mmoja wa forodha aliyekuwa ukumbini akadhani ni kweli, akampelekea mwenziwe aliyekuwa zamu mpakani, mwenziwe akampelekea wakala wa mizigo, na wakala akawatumia watu wa maegesho. Hapo Meja aliinuka kitini kuigiza. Madereva wanakimbia na taulo kiunoni. Wachuuzi wanaruka uzio. Na katikati yao mama mmoja anapiga kelele bomu, bomu, na huyo ndiye aliyekamatwa eti kaanzisha uzushi.

"Mpaka leo wanamwita Mama Bomu," Meja alisema huku akijifuta machozi ya kicheko. "Sasa nani atasahau kuandika zoezi?"

Wote walicheka. Mhasibu alipiga meza, Ndevu akapaliwa na chai. Mpole naye alicheka, maana meno yalishatoka nje kabla masikio hayajamaliza kusikia. Kisha akaweka kikombe chini taratibu, akaenda chooni, akafungua bomba mpaka mwisho na kusimama pale akiuma kitambaa cha mkononi. Mama Bomu alikuwa mama yake mzazi.

Mama huyo alikuwa fundi wa maturubai. Malori yakifika mpakani husubiri kibali, na turubai lililochanika njiani lazima lizibwe kabla mvua haijaingia kwenye mzigo. Alikuwa na kibanda kando ya maegesho, shazia zake za chuma, zile sindano nene za kushonea magunia, uzi aliouburuza kwenye nta mpaka ukakakamaa, na mkono wa kulia uliopitisha shazia kwenye turubai nene bila kuhema. Mpole amekulia chini ya maturubai hayo. Kazi yake utotoni ilikuwa kuingia upande wa ndani na kuirudisha sindano, mama nje, mtoto ndani, wakipiga soga bila kuonana. Madereva aliwajua kwa viatu vyao.

Siku ya ujumbe ule, wakala alimtumia mama kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa macho. Madereva wengi walikuwa wamejinyoosha chini ya magari yao wakisubiri karatasi. Angeweza kujikimbilia zake. Badala yake alipita lori moja baada ya jingine akigonga bodi kwa mkasi na kupiga kelele watoke, watoke, kuna bomu. Watu walipofurika getini uzio ulianguka, naye akaanguka chini yake, na viatu vile vile ambavyo Mpole alivijua tangu utotoni vikapita juu ya mkono wa kulia. Jioni bomu halikuonekana, na wakubwa wakataka mzushi. Kila aliyeulizwa alisema sauti aliyoisikia ilikuwa ya fundi maturubai. Simu yake ilishasagwa getini, na wakala aliyemtumia akaapa hajui lolote.

Akatiwa mahabusu na mkono umevimba. Alipoomba daktari, kamanda wa polisi wa mpakani, mwanamke mwenzake, alimwambia kwamba mkono hauui. Walipomwachia bila mashtaka na bila samahani, mifupa ilishaungana upande. Tangu hapo anashona kwa kushoto, kwa wateja wachache waliobaki. Wengine wakipita humpigia honi, wakaita Mama Bomu, wakacheka na kwenda kushonesha kwingine. Kuna watu wa kusimuliwa habari kama hiyo wakaona taulo tu, na wengi wao wana ofisi nzuri.

Kwanza Mpole alimchukia yule mwanafunzi mzembe. Kwenye ukuta wa korido kulikuwa na picha za wanafunzi wa kila mwaka, wamesimama mstari na Meja katikati, naye kila akipita na sinia la vikombe alizikagua sura moja moja akijiuliza ni nani kati ya hawa. Alichagua kijana mmoja mwenye tai iliyopinda, akamchukia kwa bidii bila ushahidi wowote. Masikini kijana wa watu, pengine sasa ana mke na watoto na hajui ni kwa nini masikio yanamwasha.

Meja mwenyewe ndiye aliyemtoa kijana huyo hatiani. Siku ya kufundishwa namna ya kutuma matukio, Ndevu alinyoosha mkono kuichukua simu ya zoezi, na Meja akaivuta kifuani kama mtoto anayenyang'anywa toi.

"Mwanafunzi anaandika, mimi natuma," alisema. "Simu hii haijaguswa na kidole kingine tangu kituo hiki kifunguliwe. Na haitaguswa."

Alisema kwa majivuno, na hakusikia alichokisema. Mpole alisikia. Alikitazama kile kidole gumba kinene kikibonyeza, akaelewa kwamba hapajawahi kuwa na mwanafunzi mzembe. Palikuwa na mtu mzima mwenye haraka aliyeona kuandika neno moja mara tatu ni kupoteza wakati, kisha akatafuta mdogo wa kumtupia, na baadaye akaigeuza habari kuwa kitoweo cha chai. Alijikaza kisabuni na kuuliza kama simu hiyo inahitaji chaja.

Kuanzia siku ile aliishi na kisasi kama mtu anayeishi na mpangaji mwenye kelele. Alianza na utoto: alimtilia Meja chumvi kwenye chai. Meja aliinywa yote, akauliza kama wamebadilisha maziwa. Kisha akaingiwa na wazo baya zaidi. Meja alikuwa na binti anayesoma shule ya bweni, picha yake ikiwa mezani pembeni ya kalamu, na Mpole aliandika kwenye simu yake ujumbe kwamba shule hiyo inaungua. Bila lile neno mara tatu, mbele wala nyuma. Aliusoma, akaona jinsi ulivyo mzuri, akaufuta. Tusimsifu kwa huruma, maana hakuwa nayo. Alifikiri tu kwamba hofu ni ya nusu saa. Binti angepiga simu, baba angepumua na kwenda kula. Aibu ndiyo inayokaa. Aibu ilikaa kwao nyumbani miaka, ikila nao na kulala nao, na yeye alitaka Meja apelekewe hiyo hiyo.

Nafasi ilikuja yenyewe. Kituo kilikuwa kinaandaa zoezi kubwa la mwaka, maofisa wa nchi zote, mkurugenzi na wafadhili ukumbini, na kila mwanafunzi alitakiwa kubuni tukio moja. Ndevu alibuni mafuriko. Mpole alibuni uzushi wa bomu mpakani, umati unaovunja uzio, na mwanamke aliyekamatwa kwa kueneza habari. Maofisa wachunguze chanzo ni nani. Alilipeleka mezani kwa Meja, akijua likikataliwa mambo yameishia hapo.

Meja alisoma, akainua uso, na uso huo ulikuwa umechanua. Alifurahi kwamba hadithi yake imemwingia binti huyu mpole kiasi cha kumpa msukumo wa kubuni. Akampigapiga begani. Akaongeza kwa mkono wake kwamba chanzo cha ujumbe kisijulikane, ili maofisa watoke jasho kidogo, kisha akauliza ni nani ataigiza huyo mwanamke, kwa kuwa maofisa watataka kumhoji kwa simu. Mpole alisema yupo mama mmoja wa mpakani, mwongeaji mzuri, hatadai chochote.

"Awe na uchungu kidogo kwenye sauti," Meja alisema. "Lakini asizidishe."

Mpole alimwahidi kwamba hatazidisha.

Jumamosi akaenda nyumbani. Mama alikuwa na turubai la lori la saruji limening'inizwa kwenye kamba, lina mpasuko wa kutosha kupitisha mtu, na Mpole akavua viatu na kuingia upande wa ndani kama zamani. Sindano ikawa inaingia na kurudi. Hapo ndipo alipomweleza mama yake, kupitia turubai, kila kitu: chai, kicheko, taulo, kidole gumba. Ni rahisi kusema jambo zito usipomwona unayemwambia. Alipofika kwenye jina la Mama Bomu na jinsi mhasibu alivyopiga meza, sindano ilikoma katikati. Ilikaa hapo imechomoza nusu.

Mpole alitegemea kilio. Alikwishaandaa hata maneno ya kubembeleza.

"Kipaza sauti chenu hicho," mama aliuliza, "kinasikika ukumbi mzima?"

Akasema ndiyo. Sindano ikaingia yote. Mama akaendelea kushona na kueleza anachokitaka, bila kupandisha sauti, kama anayemwagiza mtu sokoni. Hakutaka fidia. Hakutaka kuonewa huruma na watu waliokaa kwenye viti vya kuzunguka. Alitaka mwanamume huyo aseme kwa mdomo wake kwamba ujumbe ulitoka kwake, na watu wasikie. Kisha akauliza habari za cheti, na Mpole akajibu kwamba hakitakuwa na shida. Wote wawili walijua anadanganya, na mama akaukubali uongo huo kwa sababu aliuhitaji.

Wiki ya zoezi, Mpole alipokuwa akiandika vitambulisho vya wageni, alikutana na jina na kituo cha kazi alivyovifahamu. Kamanda yule wa mpakani alikuwa amepanda cheo, sasa anasimamia mpaka mzima, na anakuja. Mpole alimwandikia kitambulisho kwa herufi nzuri kuliko wote. Kisha akamwekea kiti mstari wa mbele, chini kabisa ya spika.

Siku yenyewe ukumbi ulinukia kahawa na zulia lililopigwa maji. Mafuriko ya Ndevu yalipita salama, maofisa wakaokoa watu wengi kwa maneno. Ikafuata zamu ya bomu. Meja alituma ujumbe, zoezi mara tatu mbele, zoezi mara tatu nyuma, safari hii bila kusahau hata moja. Maofisa walifunga geti, wakafungua geti, wakabishana nani mwenye mamlaka. Mwishowe wakaomba kumhoji mwanamke aliyekamatwa, na Mpole akaunganisha simu kwenye spika.

Sauti ya mama yake ilijaza ukumbi. Ilikuwa sauti ile ya nje ya turubai, isiyo na haraka. Maofisa wakamwuliza alipata wapi habari, akajibu alitumiwa na wakala. Wakamwuliza kwa nini alipiga kelele, akawaambia kuna watu walikuwa wamelala chini ya malori. Wakamwuliza aliumia wapi. Akaeleza mkono, kidole kimoja kimoja, akaeleza benchi la mahabusu lililokosa ubao mmoja, na dirisha lililozibwa kwa kipande cha bati cha kijani.

"Niliomba daktari," alisema. "Afande mmoja mwanamke akaniambia, mama, nyamaza, mkono hauui."

Kamanda alikuwa akiandika. Kalamu ilisimama. Aliinua macho kuitazama spika, akaitazama muda mrefu kuliko mtu anavyostahili kutazama spika, na Mpole, kutoka nyuma ya kioo, aliona shingo yake ikibadilika rangi. Alifurahi. Alifurahi kiasi kwamba ilimbidi ashike ukingo wa meza.

Kamanda akasimama. Alisema kwa mujibu wa kanuni za zoezi ana haki ya kuuliza meza ya waongozaji, nayo meza inawajibika kujibu. Ujumbe wa kwanza ulitoka wapi? Meja akajibu kwenye kipaza sauti kwamba chanzo hakijulikani. Maofisa wakaguna. Kamanda alisema meza ya waongozaji ndiyo iliyobuni dunia hii, haiwezi kukosa kujua kilichomo, na hapo wafadhili wakacheka na mkurugenzi akatazama saa yake. Meja hakupenda kuchekwa mbele ya wafadhili. Alipenda kuonekana mjanja, na mbele yake kulikuwa na jibu la kijanja lililo tayari.

"Haya, basi tuseme hivi," alisema, akitabasamu. "Ujumbe ulitoka kwenye kituo cha mafunzo kama hiki. Ulikuwa wa zoezi. Mwanafunzi akasahau kuandika zoezi."

Ukumbi ukavuma kwa kuvutiwa. Mpole akasogeza mdomo kwenye kipaza sauti cha pili, na akaongea kwa ile sauti yake ya chini ambayo kituo kizima kilikuwa kimeizoea.

"Meja, mwanafunzi anaandika tu. Anayetuma ni mkuu wa zoezi."

Meja aligeuka kumtazama, bado tabasamu likiwa mahali pake. Kamanda akauliza kama hiyo ni kweli. Maofisa wote ni watu waliopita kwenye mazoezi hayo, na wote wakaitikia kwa vichwa kwamba ni kweli, mwanafunzi hatumi. Kamanda akauliza tena, polepole, ni nani basi aliyetuma ujumbe uliomvunja mama huyu mkono.

"Tuseme mkuu wa zoezi," Meja alisema. "Alikuwa na haraka."

Halafu akaona imetosha. Alinyoosha mkono na kutamka maneno ya kufunga, mwisho wa zoezi, mwisho wa zoezi, mwisho wa zoezi, ambayo kwa desturi ya nyumba ile hufuta kila kilichosemwa; baada yake hakuna aliyeua wala aliyeuawa, na watu huenda kula. Makofi yakapigwa. Meja akaielekea spika akiwa amerudiwa na uchangamfu wake wote, akamshukuru mama kwa kujitolea, akasema ameigiza vizuri sana.

"Sikuigiza, baba," spika ilijibu. "Mimi ndiye Mama Bomu. Wewe ndiye huwa unanicheka kwenye chai."

Makofi yalikufa mkono mmoja mmoja. Kamanda alikuwa bado amesimama, na ndiye peke yake ukumbini ambaye hakuonekana kushangaa. Mhasibu, aliyekuja kugawa posho, aligeuza kichwa na kuanza kuhesabu upya bahasha ambazo alishazihesabu. Mpole aliuangalia uso wa Meja ukishuka, kipande kwa kipande, na alikuwa na njaa nao. Asingependa hata mtu azime taa.

Alifukuzwa kabla ya chakula cha mchana. Mkurugenzi alisema maneno mengi kuhusu uaminifu, akasema cheti asahau, na chuo kitaarifiwa. Meja alikuwa ameketi pembeni, kofia mapajani, na alionekana mtu aliyeonewa.

"Binti, ungeniambia tu," alisema. "Tungekaa, tukaongea."

"Wewe ndiye uliyetuambia, Meja," Mpole alijibu. "Ulituambia tukicheka."

Ndevu alimsindikiza hadi getini akimbebea mkoba. Mlinzi akaukagua. Ndevu alijishika kidevu, akasema kwa taabu kwamba siku ile naye alicheka, na Mpole akamwambia hata yeye alicheka. Hapo waliagana.

Mkurugenzi alitaka mambo yaishe kwa maelezo kwamba lilikuwa zoezi na zoezi lilifungwa. Kamanda ndiye aliyekataa. Alimwambia achague: ama kituo kimpeleke mtu wake akaseme maneno hayo pale pale maegeshoni, ujumbe ulikoharibu, ama yeye atayasema kwenye mkutano wa nchi wanachama zote. Mkurugenzi alizipenda sana bendera zake za mbele. Alimtoa Meja bila kufikiri mara mbili.

Wakaja asubuhi kwa gari la polisi, Meja ndani ya shati jeupe, Kamanda ndani ya sare yake kamili, na ilionekana wazi kwamba Kamanda amejihesabu kuwa msimamizi wa shughuli. Madereva walishasikia, wakajaa. Mama alikuwa kwenye kigoda chake mbele ya turubai lililoning'inizwa, pindo lake mapajani. Hakuinuka. Hakuwakaribisha viti, na kwa mtu wa malezi yake hilo lilikuwa tusi kubwa kuliko lolote ambalo angeweza kulitamka.

Meja alipanda kwenye ngazi ya lori moja na kusema kwa sauti ya kikohozi kwamba ujumbe wa bomu ulitoka kwake, kwamba fundi hakuzua kitu.

"Sauti, baba," mama alisema, macho kwenye kazi. "Siku ile ulisikika mpaka ng'ambo."

Akarudia kwa sauti. Dereva mmoja mzee, bingwa wa kupiga honi, akainamisha kichwa na kukagua viatu vyake, viatu ambavyo Mpole alivijua. Meja alianza kushuka.

"Kwenu si mnasema mara tatu?" mama alimwuliza. "Ili mtu asikosee."

Alisema mara tatu. Akashuka, akajifuta shingo, akasogea kwenye gari la polisi akidhani amemaliza. Mpole alijaribu kumhurumia, kwa kuwa shati lilikuwa limemganda mgongoni na alikuwa mtu mzima mbele ya watu. Alijipekua kwa uaminifu kabisa, huruma hakuiona. Wakati huo geti lilifunguliwa na lori lingine likaingia, vumbi tele, dereva akichungulia kujua kuna nini.

Mama alikata uzi kwa meno.

"Huyo hajasikia," alisema.

Meja alimtazama Kamanda. Kamanda aliangalia lori. Meja akapanda tena ngazi, akasema mara tatu, na alipokuwa bado juu likaingia jingine, na nyuma yake jingine, maana siku hiyo foleni ya upande wa pili ilikuwa imefunguliwa. Mchana sauti ilishamkauka, na bado alikuwa akisema. Madereva wa mwanzo walikuwa wamechoka kusikiliza na kurudi chini ya magari yao; mama hakuchoka. Kila lori likisimama alinyanyua shazia kidogo kumwonyesha.

Hatimaye Kamanda alikohoa, akasema kwa adabu kwamba wana safari ndefu, na kama Mama ameridhika wangeomba kuondoka. Hapo ndipo mama alipoinua kichwa kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Alimtazama Kamanda kuanzia kofia hadi buti, kisha akauweka mkono wake wa kulia juu ya turubai, mahali ambapo kila mtu angeweza kuuona.

"Wewe, Afande, kaa kivulini kwanza," alisema. "Zamu yako bado."

Kamanda alivua kofia. Alikaa juu ya turubai lililokunjwa, karibu na mlango wa kibanda, akaanza kungoja. Mpole akavua viatu na kuingia upande wa ndani, akasubiri sindano.